Uganda: Baraza la Kijiji na Mtu Mwenye Bunduki

Majeshi ya Tanzania yalipovuka mpaka wa Mutukula mwezi Januari 1979, yaliingia katika nchi ambayo haikuwa hata na baraza moja la wilaya lililochaguliwa na wananchi. Idi Amin aliyavunja mabaraza hayo baada ya kutwaa utawala mwaka 1971. Baadaye aliigawa nchi katika mikoa 10 na kuweka magavana, wengi wao wakiwa maafisa wa jeshi. Mwaka 1973 machifu wengi walifukuzwa kazi na nafasi zao zikachukuliwa na wanajeshi. Mwananchi wa Uganda wa siku zile, akiwa na shauri la ng'ombe, la shamba au la mtoto aliyepotea, hakuwa na mlango wa kubisha hodi ila ule ambao nyuma yake ilikuwapo bunduki.

Ni vyema jambo hilo litangulie, kwani bila ya kulikumbuka haitaeleweka kwa nini serikali za mitaa za Uganda, ambazo zilipata kusifiwa na wataalamu wa nchi nyingi, zilizaliwa vitani na si ofisini. Wala haitaeleweka kwa nini historia yake inawahusu wanajeshi na askari polisi kama inavyowahusu makarani na madiwani, na pengine zaidi. Swali lililomo ndani ya historia hiyo ni moja tu: mtu mwenye bunduki anapofika kijijini, je, yuko mtu wa kijiji hicho anayeweza kumwuliza amekuja kufanya nini, na akajibiwa?

Swali hilo ni la tangu zamani. Waingereza walipoifanya Uganda nchi ya himaya yao mwaka 1894, na kisha kutia sahihi Mapatano ya mwaka 1900 na wakuu wa Buganda, walikuta katika ufalme huo utawala wa ngazi zilizopangika: saza, gombolola, muluka, hadi kijijini. Wakaupenda utawala huo hata wakaubeba na kuupeleka katika sehemu nyingine za nchi. Semei Kakungulu, mkuu wa vita wa Kiganda, aliwafungulia njia ya mashariki kwa bunduki, na nyuma yake wakafuata mawakala wa Kiganda kwenda kuwatawala watu ambao wengine wao hawakuwa wamepata kuwa na mfalme. Neno gombolola wazee wa Bukoba hawalioni geni, kwa maana hata mpaka lilivuka.

Mkuu wa gombolola wa siku za ukoloni alikuwa mtoza kodi, hakimu, mkuu wa askari na msimamizi wa kazi za lazima, yote hayo kwa pamoja. Aliyemkamata mtu ndiye aliyemhukumu, na aliyemhukumu ndiye aliyepokea faini. Mkoloni hakuona ubaya katika mpango huo, kwani ulikuwa rahisi wa gharama. Baada ya vita kuu ya pili, upepo ulipogeuka, yaliundwa mabaraza ya wilaya kwa sheria za mwaka 1949 na 1955, nayo yakaanza kuzoea kusimamia shule za msingi, barabara ndogo na zahanati. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Oktoba 1962, Buganda iliingia ikiwa na madaraka ya shirikisho, na falme nyingine zikiwa na sehemu ya madaraka hayo, hali wilaya zisizo na wafalme zikiwa chini ya mabaraza yao.

Mpango huo haukumaliza hata miaka minne. Mwezi Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote, likiongozwa na Amin huyo huyo, lilishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Katiba ya mwaka 1967 ilizifuta falme zote, na sheria ya utawala wa wilaya ya mwaka huo ikayaweka mabaraza yote chini ya mkono wa waziri. Hoja ya umoja wa taifa ilikuwa na uzito wake, na hakuna haja ya kuidharau, kwani nchi yenye dola ndani ya dola haikai salama. Lakini pamoja na falme yalifungwa mdomo hata yale mabaraza ya kaskazini na mashariki ambayo hayakuwa na mfalme wala tamaa ya kujitenga. Amin alipokuja miaka minne baadaye hakuwa na kazi kubwa ya kufanya. Alikuta mamlaka yote yamekwisha kukusanywa mahali pamoja, akayachukua.

Tanzania nayo haina sababu ya kumcheka jirani. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zao zikakabidhiwa kwa watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Zikaja kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Kupeleka watumishi karibu na wananchi ni jambo moja, na kuwapa wananchi madaraka juu ya watumishi hao ni jambo jingine. Tofauti hiyo Uganda ilijifunza kwa njia ngumu zaidi.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Serikali mpya ya UNLF ilikabiliwa na mji uliojaa silaha zilizotawanyika, wizi na mauaji ya usiku. Ukatafutwa mpango wa kuwajua wakazi nyumba kwa nyumba, na mfano uliochukuliwa ulikuwa ule wa Tanzania wa mabalozi wa nyumba kumi. Waganda wakauita kwa Kiswahili chao, Mayumba Kumi, na jina hilo likabaki vinywani mwa watu miaka mingi. Lakini mpango huo ulipandwa katika udongo ambao haukuwa umelimwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1980 ulitumiwa na chama kilichotawala kuwatambua wapinzani wake, na mwananchi akajifunza kumwogopa balozi wa nyumba kumi kama alivyomwogopa jasusi.

Ndipo tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni na kundi dogo la wapiganaji waliposhambulia kambi ya Kabamba, na vita vya msituni vikaanza katika eneo la Luwero, kaskazini ya Kampala. Museveni alikuwa amesoma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akiwa mwanafunzi alifika katika maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO ndani ya Msumbiji. Huko aliona jinsi jeshi la msituni lisivyoweza kuishi kwa risasi peke yake. Lahitaji chakula, lahitaji habari za adui, lahitaji vijana wapya. Na vitu vyote vitatu vinatoka kwa mwanakijiji, ambaye akivitoa kwa kuogopa leo, kesho atavitoa kwa adui kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo katika vijiji vya Luwero ziliundwa kamati za siri. Mwanzoni kazi yake ilikuwa ya vita tu: kukusanya muhogo na ndizi, kupeleka habari, kuwaficha majeruhi. Lakini machifu wa serikali walikuwa wamekimbia au wamenyamazishwa, na ugomvi wa mipaka ya mashamba haukuacha kutokea kwa sababu ya vita. Kamati zikajikuta zinaamua mashauri, zinawakamata wezi, na zinapeleka malalamiko kwa makamanda pale mpiganaji alipomkosea mwanakijiji. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa jipya. Kanuni za nidhamu za jeshi la NRA zilimkataza mpiganaji kumtukana raia, kumpiga, au kuchukua mali yake bila ya kulipa, hata kama ni ndizi mbivu au muwa. Kanuni za namna hiyo majeshi mengi yanazo katika karatasi. Luwero ilikuwapo kamati ya wenyeji ambayo ilimjua aliyenyang'anywa ndizi, ikamjua na aliyenyang'anya, na ilikuwa na mahali pa kusema. Jeshi nalo lilisikiliza kwa sababu lilikuwa linakula kutoka katika mikono ya kamati hizo.

Wananchi wa Luwero walilipa gharama isiyo kifani kwa vita hivyo. Maelfu kwa maelfu waliuawa, na kwa miaka mingi baadaye mafuvu ya vichwa yaliwekwa kando ya barabara ili wapitao wasisahau.

NRA iliingia Kampala mwezi Januari 1986, na Museveni akaapishwa tarehe 29 ya mwezi huo. Kamati za msituni sasa zikaenezwa nchi nzima kwa jina la Mabaraza ya Mapambano, yaliyojulikana zaidi kwa herufi RC. Sheria ya mwaka 1987 ilizipanga katika ngazi tano: kijiji, muluka, gombolola, saza na wilaya. Katika kijiji, kila mkazi aliyefikia utu uzima alikuwa mjumbe wa baraza, na baraza likachagua kamati ya watu 9. Uchaguzi haukutumia karatasi. Watu walipanga mstari nyuma ya yule waliyemtaka, mchana kweupe, na mstari ukahesabiwa. Kamati iliyopotoka iliweza kuondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani. Mwaka 1988 mabaraza yalipewa kwa sheria madaraka ya kuamua mashauri madogo ya madeni, ya ardhi ya kimila na ya ugomvi wa majirani. Mwanakijiji ambaye hakuwa na nauli ya kwenda mahakamani wala lugha ya kumwelewa wakili aliweza kusikilizwa chini ya mti, kwa lugha yake, na watu waliomjua yeye na mshitakiwa wake.

Mwaka huo wa 1987 serikali iliunda tume ya kuchunguza utaratibu wa serikali za mitaa, mwenyekiti wake akiwa Profesa Mahmood Mamdani. Jambo moja lililotiliwa mkazo lilikuwa lile la chifu mwenye mamlaka yote mkononi mwake. Kumchagulia mwananchi chifu mwema hakutoshi ikiwa chifu huyo atabaki kuwa mtoza kodi, askari na hakimu. Sharti mamlaka hayo yatenganishwe, na chifu awajibike kwa baraza la watu anaowahudumia.

Kwa askari polisi wa Uganda hali ilibadilika katika mambo ya kila siku. Mgeni aliyehamia kijijini alitakiwa kujulikana kwa mwenyekiti wa RC na kuwa na barua ya huko atokako. Ikawa desturi kwamba askari aliyekuja kupekua nyumba alimwita kwanza mwenyekiti awe shahidi. Baadhi ya askari walinung'unika kwamba mwanakijiji asiyejua sheria anawekwa juu ya kazi yao. Lakini askari huyo huyo alipata faida ambayo haikuwapo katika siku za Amin, kwani mwizi hakuwa na mahali pa kulala bila ya kuonekana, na habari zilimfikia polisi kabla hajazitafuta. Viliundwa pia vikosi vya ulinzi wa mitaa, LDU, vya vijana waliopendekezwa na mabaraza yao. Vilipobaki vijijini vilifanya kazi inayoeleweka. Ila kadiri vita vya kaskazini vilivyoendelea, baadhi ya vijana hao walipelekwa kupigana mbali na vijiji vilivyowapendekeza, na hapo baraza likapoteza sauti juu yao.

Hata hivyo mabaraza ya miaka ile ya kwanza yalikuwa na kasoro kubwa: yalikuwa na mdomo bila ya mfuko. Mwalimu, mganga na mhandisi wa wilaya waliajiriwa Kampala, walilipwa na Kampala, na walimtii wa Kampala. Baraza la wilaya liliweza kulalamika juu ya daraja lililobomoka, kulijenga halikuweza. Mwezi Oktoba 1992 Rais alitangaza mpango wa kugatua madaraka, na wilaya 13 zikatangulia katika mwaka wa fedha wa 1993/94. Katiba ya mwaka 1995 ilibadili jina la RC kuwa LC, yaani mabaraza ya serikali za mitaa, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ikayakabidhi wilaya na gombolola kazi, watumishi na sehemu ya fedha. Wilaya ilipata tume yake ya ajira, iliyoweza kuajiri hata afisa mkuu wa utawala wa wilaya. Theluthi moja ya viti vya baraza ilitengwa kwa wanawake.

Kodi zilizotozwa vijijini hazikupelekwa zote juu. Gombolola ilibakiza asilimia 65 na kuipa wilaya asilimia 35. Na katika ile iliyobaki, robo ilirudishwa kijijini. Robo hiyo haikuwa fedha nyingi. Mara nyingi ilitosha kufukia mashimo ya njia, kutengeneza kisima au kununua mabati machache. Lakini mwanakijiji aliijua ilikotoka, na alijua wa kumwuliza.

Hapo ndipo mashirika na mataifa ya nje yalipoingia kwa wingi kuzisaidia wilaya. Denmark ilichukua Rakai, wilaya inayopakana na Kagera, ambayo ilikuwa imeumizwa na vita vya 1979 na kisha na ugonjwa wa UKIMWI. Denmark hiyo hiyo ilisaidia kuendesha ofisi iliyosimamia ugatuzi nchi nzima. Ireland ilichukua Kumi, Kibaale na Kiboga. Misaada hiyo ilifanya kazi nyingi njema, lakini ilizaa hali ya ajabu, kwamba wilaya yenye mjomba Ulaya ilikuwa na magari na barabara, na jirani yake asiye na mjomba alibaki akitazama. Zaidi ya hayo, kila mfadhili alikuwa na hesabu zake, ripoti zake na wataalamu wake, na baraza lililochaguliwa likawa kama mwenyeji wa karamu asiyejua kilichopikwa.

Mpango uliotoa njia nyingine ni ule wa Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Maendeleo ya Mitaji, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika wilaya tano: Arua, Jinja, Kabale, Kotido na Mukono. Wazo lake lilikuwa jepesi kuliko inavyodhaniwa. Wilaya na gombolola zilipewa fedha bila ya kuambiwa zijenge nini. Kuchagua kati ya kisima, zahanati na daraja ilikuwa kazi ya baraza. Lakini ili baraza lipate fedha, ilibidi litimize masharti ya chini: liwe na mpango uliopitishwa kikaoni, hesabu za mwaka ziwe zimefungwa, mkaguzi wa ndani awepo kazini, na lichangie kwa fedha yake asilimia 10. Kila mwaka ukaguzi ulifanywa. Waliofanya vizuri mwaka uliofuata waliongezewa asilimia 20 ya mgao wao, na waliofanya vibaya walipunguziwa kiasi hicho hicho. Diwani ambaye hakuwahi kujali vitabu vya hesabu alijikuta akimwuliza mweka hazina kwa ukali, maana uzembe wa ofisini sasa ulionekana kijijini kwa jina la kisima kisichochimbwa. Kuanzia mwaka 2000 utaratibu huo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulienezwa katika sehemu kubwa ya nchi, na nchi nyingine, Tanzania ikiwamo, zikauiga.

Palikuwa na fundisho jingine, nalo lilitokana na aibu. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1996 ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, katika fedha ambazo serikali kuu ilizitoa kwa ajili ya mahitaji ya shule za msingi, ni asilimia 13 tu kwa wastani zilizozifikia shule. Nyingine ziliishia njiani, mikononi mwa maafisa na wanasiasa wa wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kila kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikaamriwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zinafika. Wataalamu wamebishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na magazeti na ni kiasi gani kilitokana na usimamizi mkali zaidi. Lakini lililo wazi ni kwamba kuzipeleka fedha wilayani hakukuwa kumezifikisha kwa mwananchi. Mwizi wa wilayani si mwema kuliko mwizi wa Kampala eti kwa sababu anakaa karibu.

Nao mkono wa ukali wa serikali za mitaa ulikuwa katika kodi. Tangu miaka ya 1950 mfuko wa wilaya ulitegemea kodi ya kichwa iliyopangwa kwa viwango vya mapato, aliyotozwa kila mwanamume mwenye nguvu. Waliokwenda kuikusanya walikuwa askari wa utawala wa wilaya, ambao hawakuwa sehemu ya polisi ya taifa. Walivizia njiani alfajiri na kuingia majumbani. Wasiokuwa na stakabadhi walifungwa kamba na kupelekwa katika magereza ya wilaya, ambayo hali yake ilikuwa mbaya. Wanaume walilala vichakani kukwepa msako. Mwanakijiji ambaye alikuwa amejipangia mstari nyuma ya mwenyekiti wake aliuona uso wa pili wa serikali hiyo hiyo ya mitaa saa kumi na moja ya asubuhi.

Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 2001 kodi hiyo ikawa jambo la kampeni, na kiwango chake cha chini kikashushwa hadi shilingi 3,000 za Uganda. Mwaka 2005, uchaguzi mwingine ukikaribia, ikafutwa kabisa. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Hakuna anayeweza kuutetea ule msako wa alfajiri. Lakini badala ya kutengeneza namna njema ya kukusanya, uliondolewa mfuko wenyewe. Ile asilimia 65 ya gombolola ikawa asilimia 65 ya karibu na sifuri, na robo ya kijiji ikatoweka nayo. Kodi ndogo zilizoletwa mwaka 2008 kuziba pengo hazikuliziba. Wilaya zikaanza kuishi karibu kabisa kwa fedha za Kampala, zilizokuja zikiwa zimekwisha kuandikiwa matumizi, na ule mchango wa asilimia 10 ambao ulilifanya baraza lione mradi kuwa wake ukawa mzigo wa kutafutwa.

Askari wa wilaya, ambao hawakuwa tena na wa kuwalipa, waliingizwa katika Polisi ya Uganda, na Sheria ya Magereza ya mwaka 2006 ikayaweka magereza ya wilaya chini ya Idara ya Magereza ya taifa. Kwa wafungwa na kwa nidhamu ya askari, hiyo ilikuwa hatua ya mbele. Mtu hawezi kupewa rungu na pingu bila ya mafunzo, bila ya mshahara wa uhakika na bila ya mkubwa wa kumwadhibu, kisha ikatazamiwa kwamba atatenda haki. Hapa serikali kuu ilistahili kuchukua kazi, na iliichukua.

Lakini mambo mengine yalivutwa juu katika msukumo huo huo. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalimwondoa afisa mkuu wa utawala kutoka katika mamlaka ya tume ya ajira ya wilaya, akawa mtumishi wa kuteuliwa na kuhamishwa kutoka Kampala. Sababu iliyotolewa ilikuwa na ukweli ndani yake: mabaraza mengi yalimtaka mtoto wa nyumbani, na afisa mwaminifu aliyekataa kutia sahihi hundi ya hila alifukuzwa. Kando yake yuko Mkuu wa Wilaya anayemwakilisha Rais, na yeye, si mwenyekiti aliyechaguliwa, ndiye anayeongoza kamati ya usalama ya wilaya. Kwa hiyo kamanda wa jeshi na kamanda wa polisi wa wilaya wana kikao chao cha kila mara na mtu wa Rais. Mwenyekiti aliyepigiwa kura na wilaya nzima ana kikao chake na mweka hazina asiye na hazina.

Nazo wilaya zikaongezeka. Zilikuwa 33 mwaka 1986, zikafika 56 miaka 15 baadaye, na sasa zimezidi 130. Kila wilaya mpya ilidaiwa kuwa ni kupeleka huduma karibu na watu, na katika nchi yenye milima na mabwawa kama Uganda hoja hiyo si ya uongo mtupu. Lakini kila moja ilihitaji mwenyekiti, mkuu wa wilaya, ofisi, magari na mbunge mwanamke, na kila moja ilikuwa dhaifu kuliko mama yake. Mutukula, pale majeshi ya Tanzania yalipovukia, palikuwa katika wilaya ya Rakai, ile iliyolelewa na Denmark. Mwaka 2017 Rakai ikakatwa, na Mutukula ikawa wilaya ya Kyotera, pamoja na ushuru na shughuli za mpakani.

Kaskazini hadithi ilikuwa ya namna yake. Tangu mwaka 1996 watu wa Acholi walikusanywa katika kambi kwa sababu ya vita vya LRA, na kwa miaka 10 baraza la kijiji halikuwa na kijiji. Aliyeamua nani aende shambani na saa ngapi arudi alikuwa kamanda wa kikosi. Watu waliporudi makwao baada ya mazungumzo ya Juba ya mwaka 2006, mpango wa amani na ujenzi mpya ulioanza mwaka uliofuata ulipitisha fedha katika wilaya, na mara nyingi wenyekiti wa vijiji ndio waliokumbuka mpaka wa shamba la nani ulikuwa kwenye mti gani. Kazi hiyo hakuna ofisi ya Kampala ambayo ingeiweza.

Mwaka 2022 serikali ya Uganda ilizindua mpango mwingine, wa kupeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka katika kila muluka, na miluka imezidi 10,000. Fedha hizo zinapitia vyama vya akiba na mikopo vya muluka kwenda kwa kaya maskini, na baraza la wilaya linaziona zikipita.

Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe bado yupo na muhuri wake, na askari wa upelelezi bado humtafuta kwanza. Lakini baada ya uchaguzi wa mwaka 2001, mstari haukupangwa tena kwa miaka 17. Mwaka 2007 mahakama iliamua kwamba mabaraza ya vijiji yaliyochaguliwa chini ya utaratibu wa zamani hayakuwa halali tena, kwa kuwa nchi imekwisha kuingia katika vyama vingi. Na hata hivyo wenyekiti waliendelea kupiga mihuri. Baadhi yao walizeeka, wengine walikufa, na nafasi zao zikajazwa kwa kunong'onezana. Uchaguzi ulifanywa mwezi Julai 2018, watu wakipanga mstari kama mwaka 1986. Muda wa waliochaguliwa ulipokwisha mwaka 2023 hapakuitwa mstari mwingine. Uliongezwa kwa amri ya waziri, kisha ukaongezwa tena.